Tembo wa Shaba Njano

Tembo huyo, aliyechorwa kwenye sarafu ya zamani, nilimnunua kwa shilingi 180,000 nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha fizikia, na nilimnunua kwa haraka kwa sababu abiria walikuwa wameshaanza kupanda na muuzaji alisema yeye hasafiri. Alikuwa mtu mpole, amevaa shati lililopigwa pasi, na sarafu yake ilikuwa imeviringishwa ndani ya leso iliyochakaa. Upande mmoja ulikuwa na tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T; upande wa pili ulikuwa na tai wa Kijerumani na maneno 15 RUPIEN. Alinieleza kwamba babu yake alikuwa fundi katika karakana ya reli ya Tabora na kwamba sarafu hiyo ilikuwa ujira wake wa mwisho. Niliyajua maneno hayo ya historia kabla hajayasema, na hilo ndilo lililoniponza, maana mtu akisikia hadithi anayoijua huiona kuwa ushahidi.

Historia yenyewe ni ya kweli. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifungia bahari koloni ya Kijerumani, na sarafu kutoka Ulaya zikawa hazifiki tena. Wajerumani wakaamua kujitengenezea fedha zao Tabora, ndani ya karakana ya reli, kwa mitambo ambayo haikukusudiwa kwa kazi hiyo. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, Singida, na mwaka 1916 zikagongwa sarafu za tembo zipatazo 16,000 kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauingia mji huo mwezi Septemba. Herufi T ni ya Tabora. Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu.

Ya kwangu ilikuwa na gramu 4.3. Niligundua hilo wiki mbili baadaye, katika duka la sonara mmoja wa hapa Mwanza, mzee ambaye familia yake imefanya kazi ya dhahabu tangu zamani za baba yake. Hakunicheka. Aliiweka sarafu kwenye mizani, akaigeuza mizani nisome mwenyewe, kisha akaendelea kuunganisha hereni ya mtu. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa nimenunua dhahabu pasipo kuipima. Ningeweza kujitetea kwamba kwenye foleni ya kivuko hapana mizani, lakini mkono ni mizani pia, na mtu aliyewahi kushika dhahabu angejua kwamba kitu kile kilikuwa chepesi kama kifungo cha koti.

Kilichonidanganya zaidi ni ubovu wake. Michoro ya tembo yule ilikuwa imefifia, maandishi hayakukaa sawa, na pembeni palikuwa na uvimbe mdogo. Nilijiambia kwamba karakana ya reli isingeweza kutoa kazi safi, kwa hiyo ubovu ule ukawa hoja ya kunishawishi. Nusu ya hoja hiyo ni sahihi. Sarafu za heli 20 zilizotengenezwa Tabora mwaka huohuo, kwa shaba iliyotokana na maganda ya risasi, mara nyingi zina michoro hafifu kwa kuwa chapa za chuma zilichakaa upesi. Lakini uhafifu wa sarafu iliyogongwa kwa chapa na uhafifu wa iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa ndani ya kalibu ikiwa imeyeyuka, ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo nilikuja kuijua baadaye, kwa msaada wa sonara na kopo la maziwa ya unga.

Kopo hilo aliniachia baba mkubwa, ambaye alikuwa karani katika meli za ziwani na alikusanya kila sarafu ngeni iliyopita mikononi mwake. Humo mna heli za Kijerumani, zile zilizotupa neno hela tunalolitumia hadi leo. Mna senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Mna rupia mbili za Kihindi zenye kichwa cha Malkia Victoria, na rupia moja ya Kijerumani yenye kichwa cha Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wajerumani, amevaa kofia ya chuma iliyosimamiwa na tai. Nilipompelekea sonara, alichukua mizani ya zamani ya vitanga viwili, ile anayoitundika ukutani kama pambo, akaweka rupia ya Victoria upande mmoja na ya Wilhelm upande wa pili. Mkono wa mizani ulisimama katikati.

Akaniambia, "Mwalimu, hii ndiyo tola."

Nilikuwa nimelisikia neno tola tangu utotoni kwa watu wanaonunua mikufu ya harusi, lakini sikujua kwamba kipimo hicho ni uzito wa rupia. Tola moja ni gramu 11.66, na rupia ya Kihindi ilikuwa na uzito huohuo. Wajerumani walipoanza kutoa rupia yao mwaka 1890 waliifuata ya Kihindi kwa uzito na kwa usafi wa fedha, yaani takribani sehemu 917 katika 1,000, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani na bara walikuwa wameshaizoea na wasingekubali kitu pungufu. Kwa hiyo rupia ya Mjerumani ikiletwa na mtu leo, swali la kwanza ni dogo sana: je, inafika tola? Sarafu iliyotumika sana hupungua kidogo, pengine sehemu ya kumi ya gramu au mbili, lakini haipungui gramu 2. Na haiongezeki kamwe.

Baada ya mizani, nitazame ukingo. Watu wote humtazama kwanza mfalme, tai au tembo, na anayetengeneza nakala analijua hilo, ndiyo maana jitihada zake zote huziweka usoni. Sarafu iliyosubiwa hutokana na kalibu yenye nusu mbili, na mahali nusu hizo zinapokutana hubaki mshono mwembamba unaozunguka ukingo wote. Fundi huuondoa kwa tupa, lakini tupa nayo huacha mistari yake, na mistari hiyo huonekana chini ya kioo cha kukuzia kama nyayo kwenye mchanga wa ufukweni. Tembo wangu ana mshono huo, na mahali ule uvimbe mdogo ulipo ndipo shaba njano iliyoyeyushwa ilipomiminwa. Rupia ya kweli ina meno yaliyo sawasawa ukingoni, kwa sababu iligongwa ndani ya pete ya chuma. Katika rupia ya kusubiwa meno hayo huonekana kama yamelambwa, mengine yamebanana, mengine yamekatika.

Uso nao husema, ila useme baada ya ukingo. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu huchakaa mahali palipoinuka: kwenye shavu la Wilhelm, kwenye sharubu, kwenye bawa la tai wa kofia. Mabondeni, baina ya herufi, michoro hubaki mikali. Nakala ya kusubiwa ina uhafifu uliosambaa kote, juu na bondeni, kana kwamba sarafu nzima imetazamwa kupitia kioo chenye ukungu, na mara nyingi ina vitobo vidogo vilivyoachwa na mapovu ya hewa. Uchafu uliopakwa makusudi ili kuizeesha hujaa mabondeni kwa rangi moja, wakati uchafu wa miaka hauna rangi moja.

Katika kopo la baba mkubwa imo pia riale moja, na riale ndiyo inayowasumbua watu kuliko zote, kwa sababu kila riale imeandikwa 1780. Ni sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, mwanamke mnene mwenye ushungi, na ilitumika katika biashara kuanzia Bahari ya Shamu hadi pwani yetu na njia za misafara za bara. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo imeendelea kugongwa kwa mwaka uleule, katika dola ya Austria kwanza na baadaye pia Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara walikataa kupokea yenye mwaka mwingine. Basi je, riale iliyogongwa Vienna miaka hamsini iliyopita ni nakala? Mimi naona si nakala: ina gramu 28.07 zilezile, ina fedha ileile ya sehemu 833 katika 1,000, na imetoka katika kiwanda rasmi. Haina umri tu. Anayeiuza kama sarafu ya karne ya 18 anadanganya kuhusu umri, na anayeitupa kwa kuiona bandia anatupa fedha ya kweli. Ukingoni mwake yameinuka maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, pamoja na mapambo, na watengenezaji wa nakala nafuu huyaacha au huyachora kwa kuyadidimiza. Hapo tena ukingo.

Sifa hii ya kujua sarafu, ambayo sikuitafuta, ilimleta kwangu mwaka jana mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba. Alifika nyumbani Jumapili alasiri, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, baba," akaketi, akafungua fundo la kitenge. Ndani mlikuwa na sarafu nene yenye kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya vita upande mmoja na bundi mwenye macho makubwa upande wa pili. Mtu ambaye mama huyo alimkopesha magunia matatu ya dagaa alikuwa amemwachia sarafu hiyo kama rehani, akimwambia ni ya Wayunani wa kale na kwamba ikiuzwa huko Ulaya ingeweza kununua boti. Hakuwa na uhakika kama alipewa rehani au alipewa maneno.

Bundi huyo ni maarufu. Ni wa Athene, karne ya 5 KK, na kando yake huwa kuna tawi la mzeituni na herufi tatu za mwanzo za jina la mji. Sarafu halisi huwa na gramu 17.2 hivi za fedha karibu safi. Ziligongwa kwa mkono: kipande cha fedha kiliwekwa juu ya chapa iliyochimbiwa kwenye fuawe, chapa ya pili ikashikwa juu yake, nyundo ikashuka. Kwa sababu hiyo si duara kamili, mara nyingi kichwa hakikukaa katikati, kishungi cha kofia kimekatwa nje ya sarafu, na ukingoni mna nyufa ambapo fedha ilitanuka kwa nguvu ya pigo. Hakuna mbili zinazofanana kila kitu. Ukikuta picha za sarafu mbili zenye ufa uleule, mahali palepale, na kichwa kilichopotoka kwa kiasi kilekile, ujue zimezaliwa na kalibu moja.

Ya mama wa Kirumba ilikuwa na gramu 11.8. Nilimwonyesha mshono ukingoni, na nikamwonyesha kitu kingine kilichonifurahisha, ingawa yeye hakufurahi: mkato mdogo juu ya bundi. Wafanyabiashara wa kale walizipiga patasi sarafu hizo kutazama kama ndani ni fedha au ni shaba iliyopakwa fedha, kwa kuwa sarafu za kupakwa zilikuwepo hata enzi hizo. Athene yenyewe, ilipoishiwa fedha mwishoni mwa vita vyake na Sparta, ilitoa za namna hiyo. Mkato wa patasi halisi una kingo kali na chini yake pamechongoka. Huu ulikuwa na kingo za mviringo, laini kama mfinyo kwenye ugali, kwa sababu hakuna aliyeukata: ulisubiwa pamoja na sarafu, ukinakiliwa kutoka kwa sarafu ya kweli iliyokatwa na mtu miaka 2,400 iliyopita.

Nikamweleza kwamba mwaka 375 KK Waathene walitunga sheria iliyomweka mpimaji sokoni, mtumwa wa umma, aketi baina ya meza kila siku na kupima fedha zinazoletwa. Akiikuta yenye shaba au risasi ndani, aikate papo hapo. Asipoketi mahali pake au asipopima inavyotakiwa, apigwe viboko hamsini.

Akauliza, "Na aliyeileta yeye anapigwa ngapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Sheria ile iliagiza sarafu ya bandia ichukuliwe na kukatwa, lakini haikusaidia katika suala la magunia matatu ya dagaa.

Tulikamilisha kipimo kwa maji, kwa kuwa nilitaka aone kwa macho yake. Kipimo hiki hakihitaji maabara, kinahitaji mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, glasi na uzi. Glasi yenye maji huwekwa juu ya mizani na mizani hurudishwa sifuri. Sarafu hufungwa uzi na kushushwa ndani ya maji mpaka izame yote, bila kugusa chini wala kando. Mizani itasoma namba ndogo, na namba hiyo ndiyo ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo, kwani kila sentimita ya ujazo ya maji ina gramu moja. Uzito wa sarafu ukigawanywa kwa namba hiyo, densiti yake hupatikana. Fedha safi ni 10.49, fedha ya rupia hukaribia 10.3 na ya riale 10.2, shaba ni 8.96, zinki 7.1, risasi 11.3. Bundi wa Kirumba alisoma 1.70, na 11.8 ikigawanywa kwa 1.70 ni 6.9. Aloi ya zinki, kitu wanachotengenezea vishikio vya funguo. Tembo wangu alikuwa ameshasoma 0.51, yaani densiti ya 8.4, ambayo ni ya shaba njano, wakati dhahabu ya Tabora ingepaswa kuwa 15 au zaidi. Kabla ya kusoma mizani, ondoa mapovu ya hewa yanayong'ang'ania sarafu, maana povu moja huharibu hesabu ya kitu kidogo.

Sitaki kumwita mwongo yule aliyemtengeneza bundi. Nakala kama hizo huuzwa katika maduka ya makumbusho na ya watalii, nyingi zikiwa na karatasi ya maelezo ndani ya kifuko cha plastiki. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1973 inataka sarafu ya kuiga igongwe neno COPY juu yake. Lakini karatasi hupotea, kifuko hupasuka, mtalii humpa zawadi mwongozaji wake, naye humpa mpwa wake, na baada ya mikono mitano kitu kilichozaliwa kihalali kama kumbukumbu kinafika mwaloni kikiwa cha Wayunani wa kale. Penye neno lililofutwa kwa tupa hubaki kovu bapa lisilo na sababu. Nimeliona mara mbili.

Ziko sarafu ambazo kipimo cha mshono hakizifai, na ni vyema niseme, kwa kuwa nimekisifu sana. Sarafu za kale za Kichina zenye tundu la mraba, ambazo zimefukuliwa pia katika pwani yetu, zilisubiwa tangu mwanzo, kwa hiyo dalili za kalibu si hoja dhidi yake. Vilevile nakala za siku hizi zinaweza kugongwa kwa mashine, zikawa na ukingo safi na uzito sahihi. Hizo huwashinda hata wataalamu mpaka walinganishe chapa. Mimi hizo sizigusi.

Kuhusu sarafu za Kilwa nitasema machache kwa sababu watu huzileta kwa majina makubwa. Ni vipande vidogo, karibu vyote vya shaba, vina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu yanayofanya kina na jina hilo, kwa namna ya shairi la mistari miwili. Hizo za shaba hazina mwaka. Aliyenionyesha sarafu ya Kilwa yenye tarakimu za mwaka, kubwa kama kifuniko cha soda na yenye rangi ya dhahabu, alikuwa na bahati kwamba alikuwa hajailipia yote. Kosa linalofanana na hilo ni la sarafu iliyoandikwa mwaka wa KK, ambalo bado huwanasa watu: aliyeishi kabla ya Kristo hakujua kwamba yuko kabla.

Na yuko mzee mmoja aliyenijia akidai rupia yake inavuta punje za mchele na kwamba wapo matajiri wanaoitafuta. Niliweka mchele mezani. Tulikaa robo saa. Rupia yenyewe ilikuwa halisi, gramu 11.6, fedha nzuri, na nilimshauri aitunze. Lakini alikuwa ameisugua kwa majivu na mchanga ili ing'ae, na shavu la Wilhelm lilikuwa na mikwaruzo kama ubao wa kukatia nyama. Sarafu ya zamani isisuguliwe. Utando ule mweusi wa fedha na ule wa kijani wa shaba ni sehemu ya ushahidi wake, na ukishaondolewa, mnunuzi anayejua huihesabu kama chuma chakavu. Tena kitu kikifukuliwa ardhini, suala si la bei tu: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na hiyo inajumuisha kila sarafu ya Kilwa, ingawa haiigusi rupia ya Mjerumani kwa umri wake.

Mama wa Kirumba alimrudishia mdeni bundi wake, akamwandikisha deni mbele ya mjumbe. Magunia mawili yameshalipwa.

Mimi nilimrudisha tembo kwa sonara. Nilimweleza kwamba siku moja kopo litakuwa la wanangu, na hadithi ya karakana ya Tabora wataipata vitabuni kama nilivyoipata mimi, kwa hiyo nilitaka aigonge sarafu ile herufi N, ya nakala, pale ukingoni. Aliigeuzageuza chini ya taa, akasema ukingo ni mwembamba mno, herufi haitakaa. Akachagua chapa ndogo kuliko zote, akaiweka juu ya tumbo la tembo, akapiga nyundo mara moja.